Kilomita 97 kwa miguu: siku tatu za matembezi ya saratani ya matiti, San Diego

Matembezi ya Susan G. Komen 3-Day yanajulikana kwa hesabu moja: maili 60 kwa siku tatu, yaani karibu kilomita 97. Shirika linaloyaandaa, la kupambana na saratani ya matiti, limebeba jina la Susan Goodman Komen wa Peoria, Illinois, aliyefariki kwa saratani ya matiti mwaka 1980 akiwa na miaka 36. Mdogo wake, Nancy Brinker, ndiye aliyelianzisha mwaka 1982. Tunayoifuata hapa ni safari ya San Diego, California, ya mwezi Novemba, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Njia hubadilishwa kidogo mwaka hadi mwaka, lakini mwelekeo ni uleule: kuanzia viwanja vya maonyesho vya Del Mar, kushuka kusini kando ya bahari, kulala usiku mbili kwenye mahema pembezoni mwa Mission Bay, kisha kupanda Old Town, mtaa wa kale, na kumalizia katikati ya mji, karibu na maji.

Miezi ya kabla

Kazi inaanzia kwenye mchango. Kila mtembeaji anatakiwa kukusanya dola 2,300 kwa uchache, mbali na ada ya kujiandikisha. Kikipungua kiasi, atajazia mwenyewe au hatatembea. Dola 2,300 ni watu 46 kwa dola 50 kila mmoja. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi anaijua kazi hii vizuri: orodha ya majina, kundi la WhatsApp, taarifa ya kila wiki ya kiasi kilichoingia na kilichobaki, na shukrani siku ileile mtu anapotoa. Tofauti ni kwamba hapa fedha haipiti mikononi mwa mtembeaji. Inaingia moja kwa moja kupitia ukurasa wake wa mchango, na mchangiaji anapata stakabadhi ya kumsaidia kwenye kodi ya Marekani.

Wengi wanakwama kwa sababu wanaomba kwa jumla. "Naomba mnichangie," inaandikwa kwenye kundi la watu 200, na kila mmoja anadhani mwenzake atatoa. Ujumbe wa mtu mmoja, wenye jina lake, kiasi unachomwomba na tarehe ya mwisho, unajibiwa. Halafu kila mchangiaji aliyeajiriwa aulizwe mapema kama mwajiri wake huongeza dola kwa dola. Makampuni mengi ya Marekani hufanya hivyo, ila fomu zake huchukua wiki kadhaa, na anayeanza kuuliza mwezi wa mwisho huwa amechelewa.

Mazoezi yapewe wiki 16 hadi 24. Kinachozoeshwa ni siku ya pili. Mtu mwenye afya anaweza kujikaza akatembea kilomita 30 mara moja. Kuamka kesho yake na kuzirudia ndiko kunakohitaji mwili ulioandaliwa. Kwa hiyo matembezi marefu yaende kwa jozi, Jumamosi na Jumapili: anza na kilomita 8 na 6, ongeza taratibu, ufike 29 na 24 kama wiki tatu kabla ya safari, kisha punguza. Anayetembea kilomita 30 kila Jumamosi na kupumzika kila Jumapili amefanya nusu ya maandalizi.

Viatu ni vya kukimbilia, si buti za mlimani, maana karibu njia yote ni zege na lami. Viwe vikubwa kwa nusu namba hadi namba nzima kuliko kawaida, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Chukua jozi mbili, kila moja iwe imekwisha kutembea kilomita 80 na zaidi. Kiatu kipya kinachotolewa boksini asubuhi ya Ijumaa kitakutoa njiani kabla ya chakula cha mchana. Soksi za pamba ziache nyumbani: pamba hushika jasho, na ngozi iliyolowa husuguka haraka kuliko ngozi kavu.

Alhamisi, kufunga mzigo

Begi ni moja, lisizidi ratili 35, karibu kilo 16. Lori ndilo litakalolibeba hadi kambini, lakini kutoka lorini hadi hemani utalivuta mwenyewe juu ya nyasi, miguu ikiwa imechoka. Ndani yake weka begi la kulalia, godoro la kupuliza, tochi ya kichwani, vizibo vya masikio, kandambili, taulo jepesi na nguo za siku tatu. Kila seti ya nguo ifungwe kwenye mfuko wake wa plastiki pamoja na jozi mbili za soksi. Begi lote liingie ndani ya mfuko mkubwa wa taka. Mission Bay usiku wa Novemba ina umande mzito, na mabegi hulazwa chini kwenye majani.

Kwenye mkoba wa kiunoni: chupa ya maji, kofia, mafuta ya kuzuia jua, vaselini kidogo, soksi za akiba, plasta ya kitambaa iliyokatwa tayari vipande vya sentimita 5 hadi 8, dawa zako. Pembe za kila kipande cha plasta zikatwe ziwe duara. Pembe kali hukunjuka ndani ya soksi, na mkunjo huo ndio unaozaa lengelenge jipya.

Kucha za miguu zilipaswa kukatwa wiki moja iliyopita, moja kwa moja bila kuzungusha pembeni. Ukizikata leo usiku, ncha bado ni kali na nyama bado ni laini.

Ijumaa: Del Mar hadi Mission Bay

Watembeaji wanafika kabla ya jua, ambalo huchomoza kama saa 12 na robo. Baridi ni ya nyuzi 10 au 12, na kufikia mchana itapanda hadi 20 hivi. Vaa tabaka mbili, ya juu iwe ya kufunga kiunoni. Kila mtu ana kadi shingoni. Nyuma ya kadi hiyo andika jamaa wa kupigiwa simu, dawa unazotumia na mzio wowote. Kwenye ufunguzi hupandishwa bendera zilizoandikwa "Mama yangu", "Dada yangu" na kadhalika, na manusura husimama katikati ya umati. Wengi hulia hapo. Kunywa maji wakati huo, na uende chooni kabla sherehe haijakwisha, kwa kuwa foleni ya mwisho hula dakika 20.

Barabara hazifungwi. Msafara unapita njia ya waenda kwa miguu na unasimama kwenye taa kama raia wengine. Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi, na sheria hiyo ni ya haki: waendesha baiskeli wa kulinda njia huita kwa sauti kutoka nyuma, na magari hukata kona kulia hata taa ikiwa nyekundu.

Piga hesabu ya mwendo mapema. Siku ni kama kilomita 32, karibu hatua 43,000. Kwa kilomita 4.8 kwa saa, mwendo mtupu ni saa 6 na dakika 40. Vituo hupatikana kila baada ya kilomita 5 hivi. Ukitumia dakika 10 kwa vituo sita, na nusu saa ya chakula, jumla ni saa 8 na dakika 10. Ukitoka saa 1 asubuhi unaingia kambini saa 9 na dakika 10. Sasa punguza mwendo hadi kilomita 4 kwa saa na ukae dakika 20 kila kituo: jumla inakuwa saa 10 na nusu za safari, unaingia saa 11 na nusu jioni. Jua la katikati ya Novemba huzama saa 11 kasorobo, kwa hiyo utaingia gizani, au basi dogo linalookota waliobaki nyuma litakufikia kwanza. Muda mwingi hupotea vitini, si barabarani. Kituoni fanya mambo kwa utaratibu: choo, maji, miguu, kula, ondoka.

Kupanda kwa Torrey Pines kunakuja mapema, kutoka usawa wa ufuko hadi zaidi ya mita 100 juu, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita mbili. Juu kuna msonobari wenye jina la mahali hapo, mti adimu unaoota kwa asili hapa na kwenye kisiwa cha Santa Rosa tu. Panda kwa hatua fupi, kisigino kiguse chini kila hatua. Anayepanda kwa ncha za vidole atavilipa vigimbi vyake Jumamosi. Watu hupenda kushindana hapa kwa sababu miguu bado ni mipya na mashabiki kando ya barabara wanapiga kelele. Tafadhali usishindane.

Mteremko wa kuingia La Jolla ndio unaoumiza zaidi kuliko mlima wenyewe. Mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, vidole vinagonga, damu inavilia chini ya ukucha wa kidole gumba. Kabla ya kushuka simama, fungua kamba, piga kisigino nyuma, kisha funga upya ukitumia tundu la mwisho la juu: kila kamba iingie tundu la upande wake na kutengeneza kitanzi, kamba ya pili ipite ndani ya kitanzi cha mwenzake, vuta. Kisigino kinabaki mahali pake. Kazi yote ni dakika mbili. Chini, kwenye genge la La Jolla Cove, utasikia harufu ya simba wa baharini kabla ya kuwaona.

Na hapa, baada ya kilomita 15 au 20, ndipo malengelenge yanapoanza. Lengelenge ni matokeo ya ngozi ya juu na mifupa ya ndani kwenda pande mbili tofauti mara maelfu, hadi tabaka za ngozi zinaachana na maji yanajaa katikati. Kabla ya hapo kuna dakika 15 au 20 za onyo: sehemu moja ya wayo inakuwa ya moto, kama kuna mchanga ndani ya soksi. Simama papo hapo, hata kama kituo kiko mita 500 mbele. Vua kiatu na soksi, kausha, kung'uta mchanga, bandika plasta kwenye ngozi kavu bila mkunjo, vaa soksi kavu. Anayesema "nitafika kituoni kwanza" huwa anafika na lengelenge.

Likishatokea na likawa dogo bila maumivu, liache, lifunike. Likiwa kubwa na limevimba hadi linauma kwa kila hatua, wahudumu wa afya kituoni watalitoboa: sindano safi, matundu mawili au matatu pembeni upande wa chini, maji yakamuliwe taratibu, ngozi ya juu ibaki. Ngozi hiyo ndiyo bandeji bora. Kisha kipande cha sponji chenye tundu katikati, kama pete, ili uzito ukae pembeni, na plasta juu. Mwenye kisukari asitoboe kabisa. Amwone daktari wa kambi.

Kuna watembeaji wanaohitaji uangalifu zaidi, na ndio ambao safari hii ipo kwa ajili yao. Baadhi ya dawa za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, hasa za kundi la taxane, huacha ganzi miguuni kwa miezi au miaka. Aliyetibiwa kwa dawa hizo hatausikia ule moto wa onyo. Akague miguu kwa macho kila kituo, hata kama hasikii chochote, tena amwombe mwenzake amwangalie chini ya wayo. Aliyetolewa tezi za kwapani, mkono wa upande huo unaweza kuvimba baada ya saa nyingi ukining'inia. Avae soksi ya mkono ya kubana kama daktari amemwandikia, mkoba usikae bega hilo, na kila nusu saa anyanyue mkono juu ya kichwa akikunja na kukunjua ngumi mara 20. Makovu chini ya kwapa hukwaruzwa na mshono wa sidiria: vaselini kabla ya kuanza, na tena mchana.

Hata wasio na historia hiyo, vidole vya mikono huvimba. Pete zivuliwe nyumbani.

Kambini, mahema ya rangi ya waridi yamepangwa kwa mistari, watu wawili kila hema. Andika namba ya mstari wako mkononi kwa kalamu; gizani mahema yote ni sawa. Mpangilio mzuri ni huu: begi, hema lisimamishwe, kuoga kwenye malori yenye maji ya moto, kandambili, ndipo kula. Wanaokaa kula kwanza hukakamaa, na hema hulisimamisha kwa tochi.

Jumamosi: kuzunguka ghuba

Asubuhi kuta za hema zina maji kwa ndani. Pumzi za watu wawili na umande wa bahari hukutana kwenye kitambaa, na asubuhi ukigusa ukuta unanyeshewa. Acha mdomo wa juu wa zipu wazi usiku ili hewa ipite, na nguo za asubuhi ziwe ndani ya begi la kulalia pamoja nawe. Hapo zinapata joto pia.

Miguu ya leo isivalishwe haraka. Plasta za jana zilowekwe ndipo zitolewe, ukizivuta kwa kufuata ngozi ilivyolala, la sivyo zinaondoka na paa la lengelenge. Vaa jozi ya pili ya viatu. Mishono yake inakaa mahali pengine, na sehemu zilizochoka jana zinapumzika.

Siku hii ni tambarare: Pacific Beach, njia ya ufukweni ya Mission Beach inayopita kando ya Giant Dipper, treni ya mbao ya michezo iliyojengwa mwaka 1925, na kingo za ghuba. Tambarare inadanganya. Kwenye mlima misuli hupokezana kazi. Juu ya zege tupu, misuli ileile, kiungo kilekile, pembe ileile, saa baada ya saa. Ndiyo sababu maumivu ya muundi hutokea Jumamosi kuliko Ijumaa. Fupisha hatua, na penye nyasi au udongo kando ya njia pita hapo. Njia ikiwa imelalia upande mmoja, badili upande kila inaporuhusiwa. Maumivu yanayotulia ukipumzika ni ya kuvumilika. Maumivu ya sehemu moja tu ya mfupa, yanayozidi kila hatua na kukufanya uchechemee, ni ya kukupandisha kwenye gari. Kupanda gari si aibu, na mchango uliokusanya haupungui hata senti moja.

Kuhusu maji, hatari iko pande mbili. Kila mtu anaogopa kukaukiwa, kwa hiyo wapo wanaokunywa maji matupu kila kituo, kiu wasiyo nayo, hadi sodiamu ya damu inashuka. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, mikono kuvimba kupita kiasi, kisha kuchanganyikiwa, na ukiendelea kumnywesha maji unamzidishia hatari. Kunywa kwa kiu. Badilisha kituo kimoja maji, kinachofuata kinywaji chenye chumvi, na ule vitu vya chumvi pamoja. Asiyekojoa kuanzia asubuhi hadi mchana, au mkojo wake una rangi ya chai, amepungukiwa. Anayekojoa kila kituo maji meupe, apunguze. Ibuprofeni nayo isilambwe kama peremende: figo za mtu anayetoka jasho siku nzima haziitaki, na inaongeza hatari ya sodiamu kushuka. Parasetamo, kwa kipimo, inatosha.

Usiku wa Jumamosi kuna hema la ukumbusho kambini, la kuandika majina ya waliofariki. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wanawake milioni 2.3 waliogunduliwa na saratani ya matiti mwaka 2022, na vifo 670,000. Lengo lake ni kwamba tangu mgonjwa afike kituo cha afya na dalili, jibu lipatikane ndani ya siku 60. Kwetu Afrika Mashariki walio wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Uvimbe titini au kwapani usiouma, ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani au kutoa damu: vyote hivyo ni vya kwenda kupimwa wiki hii, na wanaume pia wamo, ingawa ni wachache. Haya yaandikwe kwenye ujumbe wa kushukuru wachangiaji. Kila aliyetoa dola 50 ana dada au mama wa kumpelekea.

Jumapili: Old Town hadi mjini

Hema linakunjwa na begi linafika lorini kabla ya kifungua kinywa. Njia inaelekea Old Town, kisha inapanda Juan Street, kilima kifupi lakini kikali. Miguu mibovu hupanda vizuri hapa kuliko inavyoshuka, hivyo usiogope. Hatua fupi, mikono kiunoni ikibidi. Baada ya hapo ni vitongoji vya juu, kisha Balboa Park yenye majengo ya maonyesho ya mwaka 1915, halafu mteremko wa kuingia mjini. Funga kamba upya kabla ya mteremko huo, kama La Jolla. Kucha zinazong'oka baada ya safari hii nyingi huumia hapa, kilomita za mwisho, mtu akiwa ameshajihesabia amefika.

Kwenye kufunga, manusura huingia uwanjani mwisho. Watembeaji wote huvua kiatu kimoja na kukiinua juu. Unaona plasta zilizochakaa, soksi zenye doa, vidole vilivyofungwa, maelfu kwa pamoja.

Jumatatu na siku za mbele

Usiendeshe gari masafa marefu jioni ya Jumapili. Mguu uliochoka huchelewa kukanyaga breki. Osha malengelenge, yaache wazi ndani ya nyumba, tembea dakika 20 kila siku hadi ukakamavu uishe. Ukucha mweusi usiouma uachwe ung'oke wenyewe.

Ukurasa wa mchango haufungwi siku ileile, na picha ya kiatu kilichoinuliwa huleta wachangiaji waliosahau. Itume mapema.

Jambo moja lisisubiri. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma kuliko kingine, hasa kwa aliyepanda ndege kurudi nyumbani au anayetumia tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti inayoongeza hatari ya damu kuganda, hiyo isichukuliwe kuwa ni uchovu wa kutembea. Aende hospitali siku hiyohiyo apimwe mshipa kwa ultrasaundi. Akianza kuhema kwa shida au kifua kikauma, asisubiri miadi: ni kuita gari la wagonjwa.